Lailaki fupi ya kunukia: Palibin, Miss Kim au Bloomerang?

Ikifika Mei, mitaa mingi ya Columbus, Minneapolis au Toronto hunukia kabla hujaona kinachonukia. Mtu aliyehamia juzi kutoka Kigoma au Mombasa hugeuka huku na huku akidhani kuna aliyepita amejitia manukato, kumbe ni kichaka cha jirani. Ndiyo lailaki hiyo. Ni ya ukoo mmoja na asmini na mzeituni, na pua iliyozoea asmini haikawii kuitamani.

Kasoro yake ni kimo. Kichaka cha jirani mara nyingi ni lailaki ya kawaida, Syringa vulgaris, iliyotoka milima ya Balkani ikaingia bustani za Ulaya Magharibi katika karne ya 16. Ikiachwa hufika mita 4 au 5, na kila mwaka huchipua upya kutoka mizizini mpaka igeuke kijipori. Nyumba tunazopata wengi wetu zina ukanda wa nyasi tu kati ya mlango na maegesho ya gari. Ndipo watu wanapokimbilia lailaki fupi, na ndipo wanapokwama, maana kitaluni kila chungu kimeandikwa yale yale: fupi, ya zambarau, ya kunukia.

Aina tatu ndizo zinazoonekana zaidi vitaluni Marekani na Kanada, na Ulaya pia zinapatikana: Palibin, Miss Kim na Bloomerang. Kwa macho zinafanana. Tofauti zake huanza kuonekana mwaka wa tatu au wa nne, wakati kung'oa kumekuwa kazi.

Zimetoka wapi

Palibin ni aina teule ya Syringa meyeri, iliyopewa jina la Frank Meyer, mkusanyaji wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani ambaye pia limau ya Meyer imebeba jina lake. Lailaki hii aliikuta China mwaka 1908, ikiwa imepandwa bustanini.

Miss Kim ni ya Korea. Mwaka 1947 Elwyn Meader, mtaalamu wa kilimo cha bustani kutoka Marekani aliyekuwa akitumikia jeshi huko, alichuma mbegu mlimani kaskazini mwa Seoul akaenda nazo New Hampshire. Kati ya miche iliyoota, mmoja ulibaki mfupi, nao ndio uliotolewa kwa wakulima mwaka 1954.

Bloomerang ndiyo kijana wao. Ilizalishwa na Tim Wood katika kitalu cha Spring Meadow, Michigan, ikaingia sokoni mwaka 2009. Ukiipindua lebo utaona jina lake la kitaalamu chini ya lile la biashara: Syringa 'Penda'. Ndiyo, hivyo hivyo.

Nitapima kwa mambo gani

Mambo sita: ukubwa wa kweli, harufu, msimu wa maua, uvumilivu wa baridi na joto, kazi utakayofanya pamoja na magonjwa, na mche wenyewe wa kununua. Rangi nimeiacha kwa makusudi. Zote tatu hutoka matumba ya zambarau iliyoiva na kufunguka kuwa zambarau nyepesi au waridi hafifu. Ukitaka nyeupe safi au nyekundu ya divai, hii si safu yako.

Ukubwa

Palibin husimama mita 1.2 hadi 1.5, na hutanuka kuliko inavyorefuka. Upana wa karibu mita 2 si ajabu. Hukua polepole na umbo lake ni la mviringo, limejaa majani madogo tangu chini, kiasi kwamba hata bila mkasi huonekana limetunzwa.

Miss Kim ndiyo inayowapotosha watu. Lebo nyingi huiandika mita 1.2 au 1.5, na miaka ya mwanzo lebo husema kweli. Ila ipe udongo mzuri na jua, hesabu miaka kumi, utakuta kichaka cha mita 2 au hata 2.5 kilichosimama wima. Ni fupi ukiilinganisha na lailaki ya kawaida, lakini ukiipanda chini ya dirisha la sebule itakuzibia mwanga.

Bloomerang hufika mita 1.2 hadi 1.5 kwenda juu na kwa upana. Angalia kitu kimoja: jina hilo sasa linauzwa kama familia nzima. Ipo ndogo zaidi ya karibu sentimita 90, na ipo ya zambarau iliyokoza inayozidi kimo kidogo. Usinunue kwa neno Bloomerang pekee, soma lebo mpaka mwisho.

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi kamba upime kutoka ardhini hadi kizingiti cha dirisha, kisha kutoka ukutani hadi njia ya kupita watu. Shimo la lailaki yoyote kati ya hizi lisikaribie ukuta kwa chini ya mita moja. Kichaka kilichobanwa ukutani hakipati hewa upande wa nyuma, na maua huelekea upande mmoja tu, kwa kawaida ule wa mtaani, ukawafaidi wapita njia.

Harufu

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu wengi wananunua kwa ajili ya hili.

Kwanza ujue kwamba hakuna kati ya hizi tatu inayonukia sawasawa na ile ya jirani. Lailaki ya kawaida ina harufu nzito, tamu, yenye ubichi fulani wa majani. Hizi fupi za Asia zina utamu uliochanganyika na viungo. Wapo wanaosema ni bora, wapo wanaosema si yenyewe. Ukiwa umeipenda ile ya Mei mtaani kwako na hutaki nyingine, nenda kanuse kwanza hizi kabla hujatoa pesa.

Miss Kim ndiyo yenye nguvu zaidi. Jioni ya joto isiyo na upepo, kichaka kimoja kilichokomaa hunukisha uwanja mzima na kuingia ndani ya nyumba kupitia dirisha lililofunguliwa kidogo. Mtu anayeumwa kichwa na manukato asiiweke karibu na chumba cha kulala. Palibin ni laini zaidi, lakini wingi wa maua yake hufidia, kwa kuwa kichaka kizima hufunikwa na vishada hadi majani yapotee. Bloomerang hunukia vizuri mwezi wa Mei, kwa kiwango cha Palibin au chini yake kidogo. Awamu yake ya pili ni suala jingine: vishada vinakuja vichache, kimoja huku kimoja kule, na harufu yake utaipata ukikisogelea kichaka.

Kwa maoni yangu, mahali pa kupanda huamua harufu kuliko aina. Palibin iliyo hatua mbili kutoka mlango unaotoka nao kila asubuhi itakupa zaidi ya Miss Kim iliyo kona ya mwisho ya uwanja. Tazama upepo wa jioni hutoka upande gani mwezi wa Mei, na watu wa nyumbani hukaa wapi: barazani, kwenye ngazi za nyuma, au jikoni dirisha likiwa wazi. Panda upepo unakotokea.

Na ukanunue wakati wa maua. Mwezi Aprili vyungu vyote ni vijiti na majani, mwezi Julai ni majani tu, na muuzaji atakusifia chochote alichobakiwa nacho. Katikati ya Mei hadi mwanzo wa Juni unaweza kuinama juu ya kila chungu na kuamua mwenyewe. Anayeishi karibu na Rochester, New York, ana bahati zaidi: bustani ya Highland Park ina mamia ya aina za lailaki na hufanya tamasha lake kila Mei. Pale Boston, Arnold Arboretum hutenga Jumapili moja ya Mei kwa ajili ya lailaki. Nenda na watoto, nusa mpaka uchoke, rudi ukijua unachotaka.

Msimu wa maua

Lailaki ya kawaida hutangulia. Palibin hufuata baada ya wiki moja hivi, Bloomerang huja sambamba nayo, na Miss Kim hufunga safu, mara nyingi ikivuka kuingia Juni kwenye miji ya kaskazini. Kila moja hukaa na maua wiki mbili hadi tatu. Joto la ghafla hufupisha.

Kuchelewa kwa Miss Kim kuna faida. Maeneo yanayopata jalidi mwezi wa Mei, kama sehemu nyingi za Minnesota na Manitoba, matumba ya lailaki zinazowahi huungua usiku mmoja yakawa ya kahawia. Ya Miss Kim wakati huo bado yamejifunga.

Bloomerang ndiyo inayouzwa kwa sifa ya kuchanua mara mbili, na ni kweli huchanua. Baada ya awamu ya Mei hupumzika katika joto la kiangazi, kisha kuanzia Julai au Agosti hutoa vishada hadi jalidi ya kwanza. Kosa liko kwenye picha ya lebo, inayoonyesha kichaka kilichojaa maua kana kwamba kitakuwa hivyo mpaka Oktoba. Hakiwi. Tarajia awamu kamili moja, kisha maua ya kudokoa. Palibin nayo mara moja moja hutoa vishada vichache mwishoni mwa kiangazi, ila hilo usilinunulie.

Kuna jambo ambalo lebo hazilitaji sana. Majani yakianza kupukutika, yale ya Miss Kim hugeuka zambarau nyekundu kama mvinyo na kukaa hivyo kwa muda kabla ya kuanguka. Palibin na Bloomerang huanguka bila sherehe. Kwa mtu mwenye nafasi ya kichaka kimoja tu, msimu wa pili wa rangi si haba.

Baridi na joto

Zote tatu zinastahimili kanda ya 3 katika ramani ya baridi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo namba ikipungua baridi huzidi, yaani usiku wa kufikia nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo Winnipeg, Edmonton na Fargo hakuna hofu. Scandinavia nayo haina shida, na Uingereza kiangazi chake cha upole huzifaa.

Upande wa joto ndiko zinakotengana. Palibin na Bloomerang huandikwa hadi kanda ya 7. Miss Kim hufika ya 8, na ndiyo lailaki ambayo mtu wa Atlanta au Dallas anaweza kuijaribu, akiipa kivuli cha alasiri. Houston na Miami, achana nazo. Matumba ya lailaki yanahitaji wiki nyingi za baridi ya kweli ili yafunguke, na bila hiyo utafuga majani. Asmini yetu ya kawaida hukaa nje Houston, ikahitaji kufunikwa tu usiku wa jalidi. Kwa nini ujitese?

Swali hili hutumwa pia kutoka nyumbani: je, lailaki itaota Nairobi, Lushoto, Bukavu? Mche unaweza kuishi, lakini baridi ya Julai ya Limuru haitoshi kuyaamsha maua. Anayetaka kichaka cha zambarau cha kunukia nyanda za juu za Afrika Mashariki atafute brunfelsia, ile ambayo ua lake hufunguka zambarau, kesho yake likapauka, kesho kutwa likawa jeupe, rangi zote zikionekana kwa pamoja kichakani. Inauzwa na wauza miche wengi wa Nairobi. Tahadhari yake moja ni kwamba ni sumu kali kwa mbwa. Lailaki yenyewe haina sumu kwa mbwa wala paka. Vilevile usichanganyikiwe na mmelia, mti ndugu wa mwarobaini ambao vitabu vya Kiingereza huuita lailaki ya Uajemi. Huo ni mti mkubwa, na matunda yake yana sumu.

Kazi na magonjwa

Kwa yote matatu yafuatayo hakuna tofauti: jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku, udongo usiotuamisha maji, na udongo usio na tindikali nyingi. Ukipanda mahali pa kivuli utapata kichaka chenye afya kisicho na maua, halafu utailaumu mbolea. Ukipanda bondeni maji yanakosimama theluji ikiyeyuka, mizizi itaoza.

Mbolea ya nyasi ni adui wa kimyakimya. Ina naitrojeni nyingi, na mwenye nyumba akiimwaga uwanja mzima hadi kwenye shina la lailaki, kichaka hunenepa majani na kusahau maua. Mboji kidogo kila mwaka majira ya machipuko yanatosha Palibin na Miss Kim. Bloomerang ndiyo inayodai zaidi: ili awamu ya pili iwe na maana, inataka maji ya kutosha kiangazi, mbolea ya vichaka vya maua mwanzoni mwa machipuko, na kupogolewa kidogo mara baada ya maua ya kwanza ili itoe matawi mapya. Asiye na muda wa hayo ataishia na lailaki inayochanua mara moja kama nyingine, aliyoilipia zaidi.

Kuhusu kupogoa, hapa ndipo maua mengi hupotea. Lailaki hutengeneza matumba ya mwaka ujao kiangazi hiki hiki, wiki chache tu baada ya maua kunyauka. Kata mara vishada vikishakauka. Mtu anayesubiri Septemba, au anayepita na mashine ya kukatia ua mwezi wa Machi kuweka mambo sawa, anakata maua yote kabla hayajazaliwa. Ukiwa na shaka, chungulia mwezi Januari: kwenye ncha za matawi utaona matumba yamekaa mawili mawili, manene, yamefunikwa na magamba. Hayo ndiyo Mei yako. Palibin huhitaji mkasi mara chache sana. Miss Kim inayoelekea kuzidi kimo ishughulikiwe mapema, kwa kutoa matawi mazee machache kutoka chini kila mwaka badala ya kuinyoa juu.

Ubwiri unga, ule ugonjwa unaofanya majani yaonekane yamenyunyiziwa unga mwezi wa Agosti, ndio unaoiaibisha lailaki ya kawaida. Hizi tatu huuhimili vizuri zaidi, hasa Palibin na Miss Kim, mradi hewa ipite. Mgeni wa kweli ni sungura. Theluji ikiwa nyingi hana cha kula, hubambua magome ya vichaka vichanga. Waya wa matundu kuzunguka mche miaka miwili ya kwanza unamaliza shauri hilo.

Mche wenyewe

Palibin na Miss Kim zimekuwa sokoni miongo mingi, zinazalishwa na kila kitalu, na bei yake ni ya kawaida. Bloomerang ina jina la biashara na hataza, kwa hiyo bei huwa juu zaidi, na kisheria huruhusiwi kuizalisha kwa vikonyo ukagawa. Kwa watu tuliozoea kuomba kijiti cha kupanda kwa jirani hilo si dogo. Palibin na Miss Kim unaweza kuzizalisha: mwezi Juni kata ncha laini ya sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, ichovye kwenye unga wa kuotesha mizizi, ichomeke kwenye mchanganyiko wa mboji na mchanga ulio na unyevu, kisha ifunike kwa mfuko wa plastiki unaoangaza uiweke kivulini. Si kila kijiti kitashika. Chomeka vingi.

Utaona pia Palibin iliyounganishwa juu ya shina moja refu, ikasimama kama mti mdogo wenye kichwa cha mviringo. Inapendeza pande mbili za mlango, na bei yake hupanda kwa sababu ya kazi ya kuunganisha. Inataka uangalizi mmoja: chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo, shinani au ardhini, ni la shina mama wala si la Palibin. Likate likiwa changa, vinginevyo ndilo litakalotawala.

Palibin huanza kuchanua ikiwa ndogo sana, hata kwenye chungu cha galoni moja. Miss Kim hutaka subira ya miaka miwili mitatu kabla ya kujionyesha. Bloomerang huchanua mapema.

Inamfaa nani

Palibin inamfaa mwenye nafasi ndogo kweli, asiyetaka kazi, na anayetaka umbo nadhifu mwaka mzima. Inafaa pia kwa ua mfupi wa kugawa uwanja na njia. Haimfai anayetaka harufu ya kujaza nyumba kwa kichaka kimoja.

Miss Kim inamfaa mpenda harufu mwenye nafasi ya mita 2 kila upande, anayeishi kusini kidogo au kwenye jalidi ya kuchelewa, na anayejali rangi ya majani kabla ya baridi. Haimfai wa chini ya dirisha.

Bloomerang inamfaa mwenye kupenda kushughulika na bustani, anayekaa nje jioni za Agosti na Septemba, na asiyejali kulipa zaidi. Haimfai anayeitarajia kuwa bustani ya maua isiyokoma.

Kwa hali yako

Uko nyumba ya kupanga, na mkataba hauruhusu kuchimba, au hujui utakuwa wapi mwaka kesho: chukua Palibin au ile Bloomerang ndogo, iweke kwenye chungu chenye upana wa sentimita 45 hivi chenye matundu chini. Chunguni mizizi hupigwa na baridi kuliko ardhini, kwa hiyo hesabu kama vile umehamia kanda mbili kaskazini. Anayeishi kanda ya 5 yuko salama. Wa Fargo asogeze chungu kwenye gereji isiyo na joto kuanzia Desemba, amwagie maji kidogo mara moja moja udongo usikauke kabisa.

Mtaa wako una chama cha wenye nyumba chenye kanuni za urefu wa vichaka vya mbele: Palibin. Haitakuletea barua.

Una uwanja wa nyuma na unataka kujikinga na macho ya jirani huku ukinukiwa: panda Miss Kim tatu kwa safu, umbali wa mita 1.5 hadi 1.8 kati ya shina na shina. Kimo chake kinachowakera wengine hapo ndicho unachokihitaji.

Uko Dallas au Atlanta: Miss Kim, upande wa mashariki wa nyumba, na matandazo mazito ya magome ya miti shinani ili mizizi isichemke.

Una nafasi ya vichaka viwili: usirudie aina. Palibin karibu na mlango na Miss Kim mbali kidogo zitakupa karibu mwezi mzima wa kupokezana. Ukiwa na lailaki ya kawaida ya jirani ng'ambo ya uzio, yeye anaanza, Palibin yako inafuata, Miss Kim inamalizia, na hujalipia ya kwanza.

Bibi au mama anakaa nawe na hutoka nje mara chache kwa ajili ya miguu: hapo aina si hoja sana. Tafuta dirisha analokaa, hakikisha linafunguka, na panda Palibin mita moja kutoka ukutani chini yake. Ikifika Mei mkatie vishada asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, pasua ncha za vijiti na utie ndani ya maji ya vuguvugu. Hukaa siku tatu nne kwenye chombo.

Na kama unaipanda sasa, mwezi wowote huu, kumbuka wakati mzuri ni mwanzo wa machipuko au Septemba hadi katikati ya Oktoba, udongo ukiwa bado na joto. Septemba vitalu vingi huuza vilivyobaki kwa bei ya kupunguza. Maua huyaoni, lakini kama ulishanusa mwezi wa Mei, unajua ni chungu kipi unakwenda kukichukua.